Jambo Likikuzidi Kimo: Hatua za Kupata Ujasiri kwa Imani

Mwongozo huu ni wa Mkristo ambaye tayari ana tarehe mkononi: tarehe ya upasuaji, ya hukumu, ya kikao cha nidhamu kazini, au ile ambayo benki imesema itakuja kuichukua nyumba. Anasali, anakwenda ibadani, anaimba na wenzake. Lakini taa ikizimwa usiku, moyo unamwenda mbio na usingizi haumjii. Yeye ndiye ninayemwandikia.

Kwa kuwatembelea wagonjwa na wenye shida wa usharika wetu nimeona jambo moja likijirudia. Anayekaa akingoja hofu iondoke ndipo aanze kutenda, hungoja mpaka siku yenyewe imkute hajajiandaa. Anayeomba kisha akainuka na kufanya kazi ndogo iliyo mbele yake, halafu akaomba tena, ujasiri humjia njiani. Katika Biblia, mtu anayenifundisha hivyo kuliko wote ni Nehemia. Hakuwa nabii wala kuhani. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani, mwajiriwa tu, aliyepata habari mbaya za nyumbani kwao Yerusalemu, kwamba ukuta wa mji umebomolewa. Hatua nyingi hapa chini nimezichota kwake, kwa hiyo ukipata nafasi soma sura sita za kwanza za kitabu chake kabla ya kuanza.

Hatua ya 1: Acha kuionea haya hofu

Mgonjwa akisema "naogopa", mara nyingi mtu wa karibu humrukia: "Usikiri hivyo! Kataa kwa jina la Yesu!" Nia yake ni njema, lakini mgonjwa hunyamaza, na kuanzia hapo hubeba mizigo miwili, hofu yenyewe na aibu ya kuogopa.

Fungua Nehemia 2:2. Mfalme amemuuliza kwa nini uso wake umekunjamana, naye anaandika wazi: "Ndipo nikaogopa sana." Huyu ndiye mtu aliyejenga ukuta wa Yerusalemu! Bwana wetu mwenyewe, usiku ule Gethsemane, aliwaambia wanafunzi wake kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, na Luka anasema jasho lake lilikuwa kama matone ya damu. Paulo naye aliwaambia Wakorintho kwamba alikuwa kwao katika udhaifu na hofu na matetemeko mengi. Na lile neno "usiogope" unaloliona kila mahali katika Maandiko, waliambiwa watu waliokuwa wanaogopa tayari.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kulisema. Nehemia aliposikia habari zile aliketi, akalia, akaomboleza siku kadhaa, akafunga na kuomba. Kati ya mwezi wa Kisleu alipopata habari na mwezi wa Nisani aliposimama mbele ya mfalme, ilipita kama miezi minne. Hakukurupuka. Kama unahitaji kulia, lia mbele za Mungu, mlango ukiwa umefungwa, bila kumwigizia yeyote.

Hatua ya 2: Ziandike hofu zako, kisha uzigawe

Hapa nakuomba usipite haraka, kwa sababu nimeona hatua hii ikiwasaidia watu kuliko mahubiri mengi.

Hofu ikikaa kichwani inakuwa moja, kubwa, haina mwanzo wala mwisho. Ukiiandika unakuta kumbe ni sita au saba, na kila moja ina mlango wake. Chukua daftari, hata lile la mtoto lililobaki kurasa chache. Andika kila unachokiogopa, hata kile unachoona ni cha kitoto. Usipange, usipambe.

Dada mmoja aliyekuwa anasubiri kuondolewa uvimbe kwenye kizazi aliandika hivi: Nisipoamka baada ya dawa ya usingizi. Ikikutwa ni saratani. Nani atawapikia watoto uji na kuwavusha barabara kwenda shule. Marejesho ya kikoba ya wiki mbili nitakazokuwa nimelala. Mume wangu amekaa kimya, hasemi lolote. Mungu ananiadhibu kwa mambo ya zamani.

Tulikaa naye, mimi na mama mwingine wa usharika, tukapitia mstari kwa mstari na kuweka alama. Kuna hofu zinazohitaji kuulizwa swali. Kuna zinazohitaji mtu. Kuna zinazobaki kwa Mungu peke yake.

Ile ya dawa ya usingizi ilikuwa swali. Hajawahi kukaa na daktari wa usingizi akamweleza kwamba dawa fulani zilishawahi kumletea vipele na kubanwa kifua. Akaenda, akamweleza, ikaandikwa kwenye faili. Uji wa watoto ulihitaji mtu, na jirani yake, ambaye hata si wa kanisa letu, alikubali kabla sentensi haijaisha. Marejesho ya kikoba yalihitaji mtu pia: mwenyekiti aliambiwa mapema, na wanachama wakakubali asogezewe tarehe. Ukimya wa mume ulihitaji ujasiri wa namna nyingine. Jioni moja alimuuliza, "Baba watoto, na wewe unaogopa?" Kumbe naye usiku alikuwa hapati usingizi.

Ile ya adhabu tuliipeleka kwa mchungaji, maana haikufaa kuachwa iendelee kumla. Alimsomea Yohana sura ya 9, pale wanafunzi wanapouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule azaliwe kipofu, yeye au wazazi wake. Yesu akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Mchungaji akampa nafasi ya kutubu yale aliyotaka kuyatubu, akamtangazia msamaha, akamwambia asiyafukue tena.

Mwisho zikabaki mbili: nisipoamka, na ikiwa saratani. Hizo hakuna jirani wala mwenyekiti wa kuzitatua. Lakini tazama alivyofika kwa Mungu, akiwa na mzigo aliokwisha kuutambua badala ya lile giza zima aliloanza nalo. Sala yake ilibadilika tangu siku ile.

Hatua ya 3: Omba kwa maneno yaliyonyooka

Sala ya Nehemia katika sura ya 1 ina mpangilio mzuri wa kufuata. Anaanza kwa kumtaja Mungu alivyo, mkuu, mwenye kulishika agano. Anatubu, yeye na nyumba ya baba yake. Anamkumbusha Mungu ahadi zake. Kisha anaomba kitu mahususi: apate kibali mbele ya mtu huyu, yaani mfalme. Hasemi tu "Bwana nisaidie".

Wewe nawe taja. "Bwana, Alhamisi saa tatu nitasimama mbele ya hakimu. Nipe utulivu wa kusikiliza swali mpaka mwisho kabla sijajibu." "Bwana, mwongoze daktari atakayeshika kisu, na wauguzi wa zamu ya usiku." Sala ya namna hiyo unaikumbuka, na ikijibiwa unajua imejibiwa.

Uwe pia na sala fupi ya papo hapo. Mfalme alipomuuliza Nehemia anataka nini, hapakuwa na muda wa mkesha. "Basi nikamwomba Mungu wa mbinguni," anasema, na mstari unaofuata tayari anamjibu mfalme. Kati ya swali na jibu palikuwa na pumzi moja tu. Sala hiyo fupi ilikuwa na miezi minne ya sala ndefu nyuma yake, ndiyo sababu nasema anza sasa, usingoje kufika mlangoni.

Na chagua mstari mmoja tu wa Neno. Mmoja. Watu wakisikia una shida watakutumia aya kwenye simu mpaka usijue ushike ipi. Kwa mtu asiyelala, napenda Zaburi 56:3: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Ni fupi, hata mwenye homa anaweza kuikumbuka, tena inakiri kwamba siku ya hofu ipo. Isaya 41:10 na Yoshua 1:9 nazo ni nzuri. Useme kwa sauti asubuhi kabla hujashika simu, na usiku ukiamka saa tisa.

Hatua ya 4: Nenda ukaukague ukuta

Nehemia alipofika Yerusalemu hakuitisha mkutano. Alikaa siku tatu, kisha akaondoka usiku na watu wachache, akazunguka kuyatazama mabomoko kwa macho yake. Pahali fulani palikuwa pabaya hata mnyama aliyempanda akakosa nafasi ya kupita. Baada ya hapo ndipo akasema na wakuu: haya, tujenge.

Imani haikuzuii kujua ukweli wa jambo lako. Nenda kauliza. Kwa mgonjwa: ugonjwa wangu unaitwaje hasa, matibabu ni yapi, nisipotibiwa itakuwaje, bima inalipia nini na mimi natoa nini mfukoni, nitakaa wodini siku ngapi, dawa ninazotumia niziache au niendelee nazo. Andika majibu. Nenda na mtu, kwa kuwa mwenye hofu husikia nusu tu ya anayoambiwa. Kwa mwenye deni: kaa na karatasi, jumlisha, ujue unadaiwa kiasi gani na nani, hata kama jumla itakutoa machozi. Kwa mwenye kesi: soma hati ya mashtaka yote, na umwambie wakili wako ukweli wote.

Kisha jiandae kuomba unachohitaji. Mfalme alipouliza safari itachukua muda gani, Nehemia alikuwa na jibu. Akaomba barua za kupita kwa maliwali ng'ambo ya Mto Frati, na barua kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ili apewe miti ya malango. Alijua hata jina la mtunza msitu! Mtu huyu alikuwa amefunga na kuomba, na bado hesabu zake zilikuwa kamili.

Hatua ya 5: Chagua watu wa kusimama nawe

Musa mikono ilipochoka vitani, Haruni na Huri waliiinua, huyu upande huu na huyu upande huu, mpaka jua likachwa. Mtu mkubwa kama Musa alihitaji wawili.

Tafuta wachache. Mmoja wa kuomba nawe, ambaye anaweza kunyamaza na siri. Mmoja wa kazi za mikono: wa kwenda dukani, kubeba chakula, kukaa nje ya mlango wa chumba cha upasuaji. Mmoja aliyepitia hilo lililo mbele yako akatoka. Jumuiya yako ijulishwe kwa kiasi unachotaka wewe, na mwambie mapema kiongozi nini kisitangazwe. Haki hiyo unayo. Kuna watu nimeona wameumizwa na ujumbe wa "tumwombee dada yetu" uliosambaa na picha yake ya wodini kabla hata mama yake mzazi hajajua.

Hatua ya 6: Omba, na uweke mlinzi

Sanbalati, Tobia na Waarabu, waliopinga ujenzi wa ukuta, walipopanga kuja kupigana, watu wa Yerusalemu walimwomba Mungu wao na wakaweka walinzi mchana na usiku. Yote mawili yako katika mstari mmoja, Nehemia 4:9. Wajenzi walifanya kazi kwa mkono mmoja, na mwingine umeshika silaha, na mpiga tarumbeta kasimama karibu.

Kwa hiyo kunywa dawa na uombe. Funga kwa sala kama una afya ya kufunga. Mwenye kisukari, mjamzito, na anayetumia dawa za kumezwa na chakula wasifunge kula bila kuongea na daktari. Wanaweza kufunga simu au maneno, na Mungu anapokea. Mtu yeyote, awe na cheo gani kanisani, akikwambia uache vidonge vya presha au vya kufubaza virusi vya UKIMWI ili kuonyesha imani, usimsikilize. Nasema hivi kwa uchungu, maana kuna makaburi ambayo yasingekuwepo.

Jihadhari pia na unabii wa vitisho. Katika sura ya 6 yuko Shemaya, aliyemtabiria Nehemia kwamba wanakuja kumuua usiku, akimbilie ndani ya hekalu na kufunga milango. Nehemia akatambua kwamba Mungu hakumtuma. Alikuwa ameajiriwa na Tobia na Sanbalati ili amtie hofu. Ukipewa neno linalokutisha, na baada yake ikafuata namba ya kutuma sadaka ili likuondokee, huyo ni ndugu yake Shemaya.

Na wapo watakaotaka tu kukuondoa kazini. Nehemia aliitwa mara nne kwenda mkutano bonde la Ono, na mara zote jibu lake lilikuwa moja: ana kazi kubwa, hawezi kushuka. Simu za kukusimulia fulani alikufa kwa ugonjwa huohuo zijibu hivyohivyo.

Hatua ya 7: Andaa jibu la "bali kama si hivyo"

Hatua hii wengi huikwepa. Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia Nebukadreza kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, wakaongeza: "Bali kama si hivyo", bado hawataisujudia sanamu. Imani yao haikusimama juu ya matokeo.

Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana Uganda aliishi hivyo karibu na kwetu. Usiku wa kuamkia Februari 5, 1977 askari wa Idi Amin waliingia nyumbani kwake Namirembe, Kampala, wakidai wanatafuta silaha. Baada ya hapo yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua ya pamoja wakilalamikia mauaji na dhuluma. Waliijua serikali ile. Februari 16 aliitwa mbele ya umati pamoja na viongozi wengine, akazuiliwa, akauawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Alizikwa kijijini Mucwini, kaskazini mwa nchi, na siku hizi Uganda hupumzika kazi kila Februari 16 kumkumbuka. Mungu hakumtoa katika tanuru lile. Barua ile, hata hivyo, iliandikwa na mtu aliyekwisha kukubali kwamba huenda asitolewe, na sidhani kama angeweza kuiandika akiwa na sharti la kupona.

Kwako wewe hatua hii ni ya karatasi. Andika wosia mbele ya mashahidi. Mwambie mwenzi wako hati za kiwanja ziko wapi, nani unamdai na nani anakudai. Patana na uliyekosana naye. Atakayekwambia unajitabiria kifo, mwambie Yesu alipokuwa msalabani alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi wake. Watu wakishamaliza karatasi hizi mara nyingi hulala vizuri usiku huohuo.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Amka mapema, sema mstari wako, usifungue mitandao. Kama huruhusiwi kula kabla ya upasuaji, usidanganywe hata na chai ya rangi. Beba karatasi yenye mambo matatu: mstari wako, namba ya simu ya mtu wako, na maswali yaliyobaki. Kwa mwenye kesi, fika kabla ya muda, jibu unaloulizwa tu, na ukishikwa na kigugumizi omba maji.

Mikono itatetemeka. Iache itetemeke, wewe saini. Sauti itakatika, endelea kusema. Hofu ikipanda, rudi kwenye ile sala ya pumzi moja, kisha tazama kazi inayofuata tu: kuvua viatu, kupanda kitanda, kutaja jina lako wanapokuuliza.

Hatua ya 9: Siku zinazofuata

Ukuta ulimalizika kwa siku 52, na unaweza kudhani baada ya hapo ni shangwe tu. Mwili haufanyi hivyo. Eliya aliwashinda manabii wa Baali Karmeli, na muda si muda amelala chini ya mretemu jangwani akiomba afe. Mungu hakumkaripia. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akalala tena, akagutushwa ale mara ya pili, kwa sababu safari ilikuwa kubwa mno kwake.

Kwa hiyo wiki ya kwanza baada ya jambo, liwe limeisha vizuri au vibaya, usiipime imani yako. Kula, lala, kubali kupikiwa. Ushuhuda kanisani unaweza kungoja. Mwenye nyuzi tumboni hana deni la kusimama madhabahuni Jumapili ya kwanza. Katika daftari lako, pembeni ya kila hofu uliyoiandika, andika kilichotokea kweli. Huzuni ikikaa zaidi ya wiki mbili, ukakosa hamu ya kula, au mawazo ya kujidhuru yakaanza kukujia, mwambie mtu wako siku hiyohiyo na mwende naye hospitali, kwa muuguzi au daktari wa afya ya akili, huku wale wanaokuinulia mikono wakiendelea kuomba.